Shilingi, Senti na Meno ya Gurudumu: Kukusanya Vikokotoo Vikongwe Mombasa Bara

Utangulizi

Wakusanyaji wa mashine kongwe za hesabu wana desturi ya kuanza na jina la kiwanda. Je, ni Burroughs au Brunsviga? Ni Facit, Olivetti au Comptometer? Baada ya hapo huuliza umri, kisha bei. Desturi hiyo ina faida zake, hasa kwa wale walio Ulaya na Marekani ambako mashine hizi ziliundwa na ambako orodha za viwanda zimehifadhiwa. Makala haya yanashikilia kwamba mkusanyaji wa Mombasa bara, yaani Changamwe, Likoni au Kisauni, anastahili kuanza na swali jingine kabisa: mashine hii iliundwa kuhesabu pesa gani? Jibu la swali hilo limeandikwa kwenye vitufe vyenyewe, na ajuaye kulisoma hatahitaji orodha ya kiwanda ili ajue kama kifaa alichokishika kiliwahi kufanya kazi ya maana mjini humu au kilikuwa pambo tu la meza ya mtu.

Kwa mashine kongwe za hesabu tunakusudia aina tatu za vifaa: mashine za kujumlisha za mezani, ambazo baadhi yake huchapa tarakimu kwenye utepe wa karatasi; mashine za mpini ambazo huzidisha na kugawanya kwa kuzungushwa; na vikokotoo vya mfukoni, vya chuma na vya umeme. Kwa nini jarida la Kiswahili lishughulike na vyuma hivi? Sababu zipo mbili. Kwanza, vinatoweka kwa kasi, na vinapotoweka vinakwenda na ushahidi wa kazi ya makarani wa bandari, reli na viwanda. Pili, kazi hiyo ilihusu namba zilizosomwa kwa sauti, na katika mji huu namba nyingi zilisomwa kwa Kiswahili. Jambo hili la pili tutalirudia kwa kirefu.

Pesa za Mombasa

Tuanze na fedha yenyewe, kwa kuwa bila kuifahamu fedha, kibao cha vitufe hakisomeki. Mwaka wa 1888 Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilitoa sarafu zilizoandikwa jina la Mombasa. Hesabu yake ilikuwa ya Kihindi: rupia moja ilikuwa ana kumi na sita, na kila ana ilikuwa pesa nne, yaani rupia ilikuwa pesa sitini na nne. Neno pesa tunalolitumia leo kwa maana ya fedha yoyote ndilo hilo hilo lililokuwa jina la sarafu ndogo kabisa. Kuanzia mwaka wa 1906 zikaonekana sarafu za senti, na rupia ikagawanywa kwa mia badala ya sitini na nne. Mwaka wa 1920 rupia iliondolewa, ikaja florini. Florini haikudumu, kufikia mwaka wa 1922 shilingi ya Afrika Mashariki ilikwisha kushika nafasi yake. Florini moja ilikuwa sawa na shilingi mbili, na zote mbili ziligawanywa kwa senti mia. Kwa hiyo senti mpya ilikuwa nusu ya thamani ya senti iliyotangulia. Mwenye duka aliyeandika daftari lake katika miaka hiyo hakuhitaji mashine ili aumwe na kichwa.

Lililo muhimu kwetu ni hili. Tangu shilingi ilipoingia, karani wa Mombasa alihesabu kwa makumi na mamia. Karani wa London hakufanya hivyo. Kwake paundi ilikuwa shilingi ishirini, na shilingi ilikuwa peni kumi na mbili, na hali hiyo iliendelea hadi tarehe 15 Februari 1971, siku ambayo Uingereza ilihamia paundi ya peni mia. Kwa takriban nusu karne, basi, koloni lilikuwa na hesabu rahisi kuliko mji mkuu wa himaya. Ni kinaya ambacho hakitajwi mara nyingi katika vitabu vya historia ya uchumi wetu.

Matokeo yake yanaonekana kwenye vyuma. Mashine iliyoundwa kwa ajili ya fedha ya Uingereza ina safu ya peni ambayo vitufe vyake huanzia 1 na kuishia 11. Safu ya shilingi nayo ina vitufe vya 1 hadi 9, na kando yake kitufe kimoja pekee cha makumi, kwa kuwa shilingi ya ishirini ilikuwa ni paundi. Mashine ya namna hiyo haiwezi kujumlisha shilingi na senti hata ukiiomba. Ukiikuta Magongo au Mtongwe, huenda ilifika na mtu aliyehama nayo, au ilitumika kwa ankara zilizoandikwa kwa fedha ya Uingereza, jambo lisilo la ajabu katika mji wa meli. Kwa upande mwingine, mashine yenye safu zinazokwenda 1 hadi 9 pote ilikuwa tayari kwa shilingi na senti tangu siku ilipotoka kiwandani, hata kama aliyeiunda Sweden au Ujerumani hakuwahi kulisikia jina la Kilindini.

Kuna utata mmoja. Ingawa mtu wa kawaida alihesabu kwa shilingi na senti, taarifa za serikali ziliandikwa kwa paundi ya shilingi ishirini, na paundi ya Kenya iliendelea kuonekana katika makadirio ya serikali kwa miongo kadhaa baada ya uhuru, ijapokuwa hapakuwa na noti wala sarafu ya jina hilo. Mkusanyaji akiipata mashine yenye safu za paundi, shilingi zinazoishia 19, na senti zinazofika 99, asiiachie hata kwa fedha nyingi. Hicho ni kifaa kilichoundwa makusudi kwa ajili ya Afrika Mashariki.

Namna mashine zinavyofanya kazi

Tatizo kubwa la kila aliyejaribu kuunda mashine ya hesabu halikuwa kujumlisha. Gurudumu lenye meno kumi hujumlisha lenyewe: lisogeze meno matatu, kisha manne, nalo litasimama kwenye saba. Tatizo ni kubeba. Gurudumu la mamoja likipita tisa, sharti gurudumu la makumi lisogee jino moja. Na ikiwa makumi nayo yamesimama kwenye tisa, basi mamia yasogee, na kadhalika. Mfaransa Blaise Pascal alilishughulikia jambo hili kuanzia mwaka wa 1642, alipokuwa kijana akimsaidia babake katika hesabu za kodi. Mwenzake wa Ufaransa, Thomas wa Colmar, alipata hataza ya mashine yake mwaka wa 1820, na hiyo ndiyo iliyokuja kuuzwa kwa wingi katika karne hiyo.

Mashine ya mpini ambayo mkusanyaji wa leo ana bahati zaidi ya kuipata ni ya ukoo wa Odhner. W. T. Odhner alikuwa Mswidi aliyeishi St. Petersburg, na ubunifu wake ni wa miaka ya 1870. Mwaka wa 1892 kiwanda kimoja cha mji wa Braunschweig kikanunua haki ya kuiunda, kikaiita Brunsviga. Ndani ya mashine hii mna magurudumu ambayo meno yake huchomoza na kurudi. Ukisogeza wenzo mdogo hadi 4, meno manne huchomoza. Ukizungusha mpini mara moja, meno hayo manne husukuma gurudumu la jibu hatua nne. Ukizungusha mara tatu umezidisha kwa tatu.

Tuseme kibarua amefanya kazi siku 26 kwa shilingi 4 na senti 35 kila siku. Karani ataweka 435, atazungusha mpini mara sita, atasogeza sehemu ya majibu hatua moja, kisha atazungusha mara mbili tena. Mizunguko minane, na jibu ni 11310, yaani shilingi 113 na senti 10. Kwa fedha ya Uingereza ya wakati huo, hesabu kama hiyo ingemlazimu karani kwanza ageuze shilingi na peni ziwe desimali kwa kutumia jedwali, azidishe, kisha ageuze tena. Hapo ndipo faida ya senti mia inapodhihirika. Tukumbuke pia kwamba neno kibarua lilikuwa jina la kijikaratasi kabla ya kuwa jina la mtu: barua ndogo aliyopewa mfanyakazi wa kutwa kuthibitisha kazi yake. Mtu akageuka kuwa hati, na hati ikapelekwa kwa karani ili izungushiwe mpini.

Kugawanya hufanywa kwa kutoa mara nyingi. Mpini huzungushwa kinyume hadi kengele ndogo ilie; mlio huo una maana kwamba umetoa kupita kiasi, basi unarudisha mzunguko mmoja na kusogea nafasi inayofuata. Anayenunua mashine ya aina hii na aisikilize kengele kabla hajatoa pesa. Ikiwa bubu, kuna kitu ndani kimekatika au kimeliwa na kutu.

Comptometer ni kiumbe cha namna nyingine. Dorr Felt wa Chicago alipata hataza yake mwaka wa 1887, baada ya kuunda kielelezo cha kwanza kwa sanduku la tambi, vijiti vya kuchomea nyama na mipira ya kufungia vitu. (Msomaji wa pwani ambaye amekula mishikaki ana kila sababu ya kuiheshimu mashine hii.) Haina mpini. Ukibonyeza kitufe, hesabu imekwisha kufanyika. Kila kitufe kina tarakimu mbili, kubwa na ndogo, na zikijumlishwa hupata tisa: 1 na 8, 2 na 7, 3 na 6. Wengi huzidhani tarakimu ndogo kuwa urembo, kumbe ndizo za kutolea. Tukitaka 8052 kutoa 3746, tunapunguza moja kutoka 3746 tukapata 3745, kisha tunabonyeza vitufe ambavyo tarakimu zake ndogo ni 3, 7, 4, 5. Hivyo ni vitufe vya 6, 2, 5, 4. Mashine hujumlisha 8052 na 6254 ikapata 14306. Moja ya kushoto kabisa huzuiwa isipite, na jibu ni 4306. Mashine imetoa ilhali inajua kujumlisha tu.

Burroughs, iliyoanzia St. Louis nchini Marekani, nayo ilijibu haja ya mkaguzi wa hesabu. Mashine ya Odhner haiachi alama yoyote: karani akinakili jibu vibaya, kosa halionekani tena. Burroughs ilichapa kila tarakimu kwenye utepe, hivyo mkaguzi aliweza kupitia mstari kwa mstari. Mashine hizi ni nzito mno, na uzito huo ndio maangamizi yake, kama tutakavyoona.

Jambo moja la kando kabla hatujaendelea. Mwaka wa 1942, baada ya Wajapani kutishia Bahari ya Hindi, Waingereza walihamishia Mombasa kituo chao cha kusoma siri za jeshi la majini la Japani, wakakiweka katika Shule ya Allidina Visram kisiwani. Mfumo mkuu wa siri hizo ulitegemea kujumlisha bila kubeba: saba na tano hupata mbili, wala hakuna moja inayokwenda popote. Mashine ya kawaida ya ofisini, ambayo fahari yake yote ni kubeba, haikuwa na msaada kwa hesabu ya aina hiyo. Mashine ni stadi wa kazi moja. Ukiibadilishia kanuni, ustadi wake unageuka kuwa kikwazo.

Changamwe, Kisauni na Likoni

Kwa nini bara, wala si kisiwani? Kisiwani zilikuwako benki, afisi za mawakala wa meli na maduka makubwa, na vifaa vya huko vina njia zake za kuuzwa. Bara ndiko viwanda vilikojengwa na ndiko makarani walikoishi. Changamwe palijengwa kiwanda cha kusafishia mafuta kilichoanza kazi mwaka wa 1963 na kuacha kusafisha mafuta mwaka wa 2013. Upande wa Kisauni, kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka wa 1954. Likoni, kwa kivuko kilichokuwako tangu 1937, palikuwa makao ya watu waliovuka kila asubuhi kwenda kazini Kilindini na kwingineko. Penye malipo ya mamia ya wafanyakazi palihitajika mtu wa kuyakokotoa, na mtu huyo alihitaji chombo.

Vibao vya umiliki vilivyopigiliwa au kupakwa rangi mgongoni mwa mashine ni hati za kihistoria. Herufi EAR&H, za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, haziwezi kutangulia mwaka wa 1948, kwa kuwa ndipo shirika hilo lilipoundwa. Bandari zilitengwa na reli mwaka wa 1969. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka wa 1977, na Halmashauri ya Bandari za Kenya ikaundwa mwaka uliofuata. Kwa hiyo mashine yenye herufi KPA iliandikishwa kuanzia 1978, hata ikiwa iliundwa miaka ishirini kabla. Kuna mashine zenye vibao viwili, kimoja juu ya kingine. Mkusanyaji mwenye papara huvikwangua ili chuma king'ae, na kwa kufanya hivyo hufuta historia ya taasisi tatu kwa kipande cha msasa. Afadhali kutu.

Adui mkubwa wa mashine hizi ni mzani. Mnunuzi wa vyuma chakavu hapimi ubunifu wa Felt wala uhodari wa Odhner, bali hupima kilo, na mashine ya Burroughs ina kilo za kutosha kumshawishi yeyote. Tangu Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka wa 2015 biashara hiyo inahitaji leseni, na mnamo Januari 2022 serikali iliipiga marufuku kwa muda wa miezi kadhaa kwa sababu ya wizi wa nyaya na vyuma vya miundombinu. Anayekusanya hana budi kulielewa hili: anunue kwa stakabadhi, na asiguse kifaa cha taasisi ya umma ambacho hakikuuzwa kwa utaratibu wa uuzaji wa mali chakavu. Stakabadhi hiyo nayo ihifadhiwe pamoja na mashine, maana ni sehemu ya maisha yake.

Vya mfukoni

Kikokotoo cha mfukoni ni kikongwe kuliko tunavyodhani. Addiator, kilichoanza kuundwa Berlin mwaka wa 1920, ni bamba jembamba lenye mifereji ambamo mtu husogeza vipande vya chuma kwa kijiti chenye ncha. Kubeba hufanywa kwa mkono: kijiti kinapandishwa na kupitishwa kwenye kona ya mfereji. Nacho pia kiliundwa katika aina ya peni na aina ya desimali, hivyo kile kipimo chetu cha pesa kinafaa hapa vilevile.

Kinachotamaniwa kuliko vyote ni Curta, chombo cha mviringo kinachoenea kwenye kiganja, chenye vipande zaidi ya mia tano na kimpini kidogo juu. Mbunifu wake, Curt Herzstark wa Vienna, alifungwa na Wanazi katika kambi ya Buchenwald, na humo humo alichora michoro yake. Alinusurika, na chombo kikaanza kuundwa Liechtenstein mwaka wa 1948. Kukipata Kongowea kungekuwa muujiza. Anayeishi kwa kuusubiri muujiza huo ataipita Facit nzuri iliyo mbele ya macho yake.

Umeme ulipoingia, chuma kilishindwa upesi mno. Mwaka wa 1961 ilitoka ANITA, mashine ya mezani ya Kiingereza isiyokuwa na gurudumu hata moja la kuhesabia. Kufikia 1971 kampuni ya Busicom ya Japani ilikuwa na kikokotoo cha umeme cha kutosha mfukoni, na mwaka wa 1973 Sharp ilitoa EL-805 ambacho tarakimu zake zilikuwa za kioo kimiminika, hivyo betri ikadumu. Kutoka hapo hadi vikokotoo vya Casio ambavyo kila mtahiniwa wa kidato cha nne huingia navyo chumbani, safari ilikuwa fupi. Ni hivi vya miaka ya 1970, vyenye tarakimu nyekundu au za kijani zinazowaka, ambavyo mwanafunzi mwenye pesa kidogo anaweza kuanza navyo. Kosa lake kubwa ni betri zilizosahauliwa ndani: huvuja na kula shaba. Kikokotoo kifunguliwe nyuma kwanza, kisha bei itajwe.

Utunzaji kwenye hewa ya chumvi

Pwani ina adhabu yake. Hewa ya Likoni na ya Nyali imejaa unyevu wenye chumvi, na chuma kisichopakwa mafuta hushika kutu kwa muda mfupi. Mashine isioshwe kwa maji kamwe. Mafuta ya zamani huganda yakawa kama gundi, na mara nyingi mashine inayodhaniwa kuvunjika imegandishwa tu. Vumbi litolewe kwa brashi laini, mafuta yaliyoganda yalainishwe polepole, na mahali pa msuguano patiwe tone la mafuta mepesi ya cherehani. Tone, si kijiko. Mpini ukikwama usilazimishwe: nyingi za mashine hizi hazikubali kurudi nyuma kabla mzunguko haujatimia, na anayetumia nguvu huvunja jino ambalo hakuna duka linaloliuza. Fundi wa cherehani au wa taipureta, akipatikana mzee aliyebobea, ni bora kuliko fundi wa vifaa vya umeme. Mara moja kwa mwezi mashine ichezeshwe. Ikiachwa kabatini bila kusogezwa, msimu mmoja wa mvua watosha.

Maneno ya kukusanya pamoja na mashine

Tumefika kwenye jambo linalowahusu wasomaji wa jarida hili moja kwa moja. Kiswahili kina neno kikokotoo, ambalo limekubalika shuleni, ingawa dukani mtu husema kalkuleta. Kitenzi kokotoa kinafanana kwa sura na kokoto, vijiwe. Na neno calculus la Kilatini, lililozaa jina la Kiingereza la chombo hiki, lilimaanisha kijiwe. Kama mfanano huo ni wa nasaba au wa sadfa, ni swali linalomfaa mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu. Mashine ya kujumlisha yenyewe haina jina la neno moja, na sioni haja ya kulibuni. Tumekwisha kugombana vya kutosha juu ya tarakilishi, ngamizi na kompyuta.

Kilicho na uzito zaidi ya majina ni namna namba zinavyotamkwa. Hesabu ndefu za ofisini zinafaa kufanywa na watu wawili: mmoja anasoma daftari, mwingine anabonyeza. Hapa mpangilio wa lugha unagusana na mpangilio wa chuma. Mjerumani husema tatu na ishirini, Mwarabu kadhalika. Sisi tuliazima neno ishirini kutoka Kiarabu lakini hatukuazima mpangilio: tunasema ishirini na tatu, makumi kwanza, mamoja baadaye, sawasawa na namna tarakimu zinavyoandikwa. Anayebonyeza vitufe kwa kusikiliza Kiswahili hangojei mwisho wa namba ndipo aanze.

Sifuri nayo ina siri yake. Tunaposema mia tatu na tano, sifuri iliyo katikati haitamkwi. Kwenye mashine yenye safu kamili za vitufe, kama Comptometer, karani hubonyeza 3 katika safu ya mamia na 5 katika safu ya mamoja, na safu ya makumi anaiacha ilivyo. Ukimya wa lugha unalingana na ukimya wa mashine. Shilingi elfu mbili na senti tano ni vitufe viwili tu. Kwenye mashine yenye vitufe kumi, ambayo ndiyo iliyorithiwa na kikokotoo cha leo na hata simu ya mkononi, karani huyo huyo sharti abonyeze 2, 0, 0, 0, 0, 5. Sifuri nne ambazo masikio hayakuzisikia, vidole vinatakiwa kuzibuni. Kwa maoni yangu, mashine ya zamani iliafikiana na Kiswahili kuliko hii mpya.

Lipo pia suala la elfu mia mbili. Je, ni 200,000 au ni 1,200? Mwangalifu husema elfu moja na mia mbili kwa hesabu ndogo, na kwa ile kubwa husema laki mbili, neno tulilopewa na Wahindi pamoja na pesa na rupia. Neno laki halina mahali pake kwenye mashine za Ulaya, ambazo alama zake za kutenga tarakimu huenda tatu tatu, kwa maelfu na mamilioni. Hata hivyo, katika kusoma kwa sauti, laki huondoa utata ambao kiunganishi kimoja kikidondoka huweza kugeuza mshahara wa mtu mmoja ukawa wa idara nzima.

Makarani walioanza kazi wakati shilingi ya Kenya ilipotolewa mwaka wa 1966 sasa ni wazee wa miaka themanini kwenda mbele. Anayepata mashine Changamwe au Likoni na amtafute mmoja wao, amwekee mashine hiyo mezani, amsomee ukurasa mmoja wa daftari la zamani, na arekodi anavyojibu: je, alisema laki au elfu mia? Alitaja thumuni kwa senti hamsini, au alisema hamsini? Sifuri aliitaja, aliiruka, au aliigongea meza? Moja aliyoipeleka kwenye makumi aliibeba, aliichukua au aliipandisha? Na kengele ilipolia aliitaje?